Sauti Niliyoiacha Kagunga

Tangu nirudi, kila anayenipigia simu ananipa pole ya mafua. Sina mafua. Sauti yangu imekauka, na haikukaushwa na baridi wala vumbi la Dodoma. Kwa kuwa siwezi kumsimulia kila mmoja wenu kwa mkwaruzo huu, nimeamua kuandika mara moja tu, msome wote, kisha mniache ninywe tangawizi yangu kwa amani.

Kitabu changu cha watoto mnakijua, maana nimewachosha nacho vya kutosha. Kwa yule aliyekuwa anajifanya kusikiliza huku akichezea simu, narudia: kuna msichana anaitwa Bukuru, anaishi na bibi yake kando ya Ziwa Tanganyika, hana ndugu wala rafiki. Jioni moja ndoo yake inachukuliwa na maji. Anapiga kelele kuiita, na kutoka ng'ambo ya ziwa sauti inamwitikia. Ndoo inarudi yenyewe. Tangu hapo, kila Bukuru akiita na ile sauti ikaitika, jambo linatokea: taa za wavuvi zinawaka zenyewe, mtumbwi unaovuja unaacha kuvuja, nyavu zilizosokotana zinajifungua. Katika sura ya mwisho anaita, na hakuna anayeitika. Ndipo anaelewa kwamba nguvu zilikuwa zake mwenyewe muda wote. Hiyo ndiyo sura niliyoipenda kuliko zote, na mhariri wangu alikuwa anaingojea.

Tatizo ni kwamba ziwa lenyewe nilikuwa nimeliona kwenye kalenda tu. Hata jina la Bukuru nililiokota chuoni, kwa mwenzetu mmoja wa darasa, kwa sababu linajaa vizuri mdomoni. Nyie mlinicheka sana. Yoranda, niliyefundisha naye hapa kabla hajahamishiwa Kagunga, kijiji cha ziwani kaskazini mwa Kigoma, yeye hakucheka. Aliniambia niende nikayaone maji kwanza, na niwasomee watoto wa darasa lake kabla kitabu hakijachapwa. Basi nikaenda.

Dodoma hadi Kigoma, pamoja na Mama Chiza

Habari za tiketi ziacheni zilivyo. Nilikaa pembeni ya dirisha, na jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kidahwe, Mama Chiza, anayerudi kutoka kumtazama binti yake aliyejifungua. Alikuwa na godoro, sufuria tatu za ukubwa mbalimbali na jogoo aliyefungwa miguu, ambaye aliamua tangu mwanzo kwamba hanipendi. Tulikula mayai ya kuchemsha na mihogo, na Tabora tukanunua asali, ambayo chupa yake ilivuja ndani ya mkoba wangu. Msiniulize kuhusu zile nguo.

Mbele ya Tabora treni ilisimama. Kwanza tuliambiwa ni ng'ombe relini. Ng'ombe wakapita, tukawaona kwa macho yetu wakienda zao, treni ikaendelea kusimama. Watu wakashuka, wengine wakawasha moto wa chai kando ya reli kama waliohamia. Mimi nikatoa kurasa zangu nisahihishe, na Mama Chiza, ambaye alishamaliza maswali kuhusu watoto wangu, mume wangu na mshahara wangu, akauliza ninachoandika. Nikamsimulia hadithi yote, na alisikiliza vizuri sana.

"Na Butoyi?" akauliza nilipomaliza.

"Butoyi ndiye nani?"

Akanitazama kama nimemsahau mtoto kituoni. "Mwanangu, wewe umemwita Bukuru, halafu hujui Butoyi? Hao ni pacha. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Kwenu mnasemaje, Kulwa na Doto? Sasa wewe umetuletea Kulwa peke yake, eti hana ndugu."

Nikajitetea kwamba ni hadithi tu, tena ya maajabu.

"Maajabu sawa, sikatai. Ndoo irudi yenyewe, taa zijiwashe, sawa. Lakini Butoyi yuko wapi? Mimi nina Chiza, na ameitwa Chiza kwa sababu alizaliwa nyuma ya pacha. Hata yeye jina lake linawataja wenzake."

Treni ilipoondoka nilidhani tumemaliza. Wapi! Kila nikisinzia ananigusa bega: "Umeshampata?" Tulipopita Uvinza, watu wakanunua chumvi madirishani, na yeye akanichagulia mfuko mzuri, akanikabidhi huku akisema nisije nikaandika kitabu kisicho na chumvi. Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilikuwa nimenuna, nawaambieni ukweli, kwa sababu mtu hapendi kuambiwa kwamba kitabu alichokitolea jasho kimempoteza mtoto mzima. Kigoma tulipoagana, alinikumbatia na jogoo akiwa katikati yetu, akasema, "Mtafute yule mtoto."

Ujiji, kwa Mama Zuhura

Yoranda alikuwa amenipangia kulala Ujiji kwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge ambaye hupeleka mzigo Kagunga na angenisindikiza kwenye boti. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kutosha msikiti mzima, na nyumba yake haina mlango unaofungwa mchana. Nilipomwambia shikamoo alikataa, akasema tunalingana. Hatulingani, lakini sikubishana na mwenyeji.

Chakula cha kwanza kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Huyo samaki nawaombea wote mje mmle kabla hamjafa. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe ili nionekane mtu wa maana, na tonge la pili tu likaidondokea. Mama Zuhura akaniletea sabuni, kisha akaniambia niirudishe sabuni yake, mawese hayatoki. Hayajatoka mpaka leo.

Jioni niliwasomea wajukuu zake sura ya kwanza uani. Walikuwa wamekaa kimya hadi nilipotamka jina, na mdogo wao akauliza hapo hapo, "Na Butoyi?" Wakubwa wakamwambia anyamaze, atatokea mbele. Wakangoja sura nzima. Nilipofunga kurasa, walinitazama wakiamini nimemficha kwa makusudi ili hadithi iwe tamu. Niliona haya.

"Kesho nabadilisha jina," nikamwambia Mama Zuhura. "Atakuwa Neema, tumalize."

"Badilisha, kitabu ni chako," akasema, akiendelea kukunja vitenge vyake. "Ila wameshampenda Bukuru. Hapo umechelewa."

Kibirizi na ziwani

Boti za kwenda kaskazini huondokea ufukwe wa Kibirizi. Tuliambiwa saa sita. Saa sita ilifika, boti ikawa bado inapakiwa: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, pikipiki moja iliyolazwa ubavu, na watu juu ya hivyo vyote. Nahodha, ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alikuwa mzee mkavu aliyevaa koti zito katika jua lile, na kila ukimuuliza tunaondoka lini anakujibu "sasa hivi" bila kukutazama.

Sasa hivi yake ilikuwa ndefu. Mama Zuhura akanichoka, akasema nisome basi watu wapate la kufanya. Nikasoma nikiwa juu ya gunia. Nilianza polepole kwa aibu, lakini nyuma walipiga kelele hawasikii, nikapandisha sauti, na sauti hii mnayoilalamikia ilianza kufa hapo. Kwa Neema sikufika mbali, kwa sababu Mama Zuhura alikuwa ameshawatangazia kwamba ni hadithi ya Bukuru. Tukaingia ziwani nikiendelea kusoma, injini ikinguruma, na mabishano yakawaka pande zote. Mmoja anasema Butoyi ametekwa. Mwingine anasema ameolewa Kongo. Mwenye pikipiki akaapa kwamba bibi ndiye anajua, na akanitaka nimbane yule bibi.

Kapteni peke yake hakufurahi. "Mama," akaniambia, "sauti inayoita watu majini hatuisomi tukiwa majini. Kaa nayo mpaka nchi kavu."

Nikafunga kurasa. Nilijua hatanii. Basi ndipo nilipoliona ziwa, kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Nilikuwa nimeliandika bluu. Ni bluu, ndiyo, lakini karibu na boti unaona chini hadi mawe, na mbele linakuwa jeusi ghafla, na milima ya msitu inashuka mpaka majini bila kuacha mahali pa kusimama. Ng'ambo kulikuwa na milima ya Kongo, ikionekana na kutoweka. Nilijaribu kufikiria msichana akiita kutoka huku na mtu akimsikia kule, nikaona nimeandika jambo kubwa kuliko nilivyodhani.

Kagunga

Huko hakuna gati. Boti inakaribia ufukwe, vijana wanaingia majini na kukubeba. Vijana wawili waligombea kunibeba, kisha waliponitazama vizuri wakagombea kutonibeba. Nilishuka mgongoni kwa aliyeshindwa. Yoranda alikuwa amesimama mchangani akicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kilimwisha tulipofika kwake na nikamtajia jina la msichana wangu. Si kwamba nilikuwa nimemficha, bali kwenye simu siku zote nilikuwa nasema tu "yule binti wa kwenye kitabu".

"Sabina, jina hilo usilisome darasani kwangu," akasema. "Nakuomba."

Akanieleza. Darasa la nne ana mtoto anaitwa Bukuru. Mwenzake Butoyi alikufa kwa malaria mvua zilizopita. Tangu wamzike, Bukuru haitiki akiitwa. Si kwamba hasemi. Anasoma, anacheza, hata anacheka siku nyingine. Lakini ukiita jina lake anakuja kimya, au haji. Asubuhi Yoranda akiita majina, akifika kwake kunakuwa na ukimya, watoto wanatazama chini, naye anaweka alama ya kuwepo kwa kumwona tu. Bibi yake amelia, ameombewa kanisani, wameambiwa wampe muda. "Muda nimempa," Yoranda akasema. "Sasa naogopa anazoea hivyo."

Nilimwahidi kwamba itakuwa Neema. Na niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba afadhali nirudi Dodoma na boti ya kwanza. Hadithi yenyewe si ilikuwa ya Bukuru aliye peke yake, anayeita ng'ambo, na mwishoni hakuna anayemjibu? Mimi nilikuwa nimeiita nzuri hiyo.

Darasani

Kulipokucha niliingia darasani na "Neema" yangu. "Hapo zamani za karibuni," nikasoma, "kando ya ziwa aliishi msichana aliyeitwa Neema."

"Mwalimu, siyo Neema!" mvulana wa mbele akaruka. "Ni Bukuru! Mama Zuhura ametuambia!"

Darasa zima likaitikia kwamba ndiyo, Mama Zuhura ameuza vitenge jana jioni na amesimulia kijiji kizima. Kisha wakakumbuka, wote kwa pamoja, wakageuka kutazama dawati la tatu karibu na dirisha. Kulikuwa na msichana mdogo mwenye sweta la kijani lililomzidi. Nafasi ya kando yake ilikuwa wazi. Yoranda akanikata jicho.

Msichana akanitazama moja kwa moja. "Soma tu, Mwalimu," akasema. "Ni Bukuru."

Nikasoma. Nilifika pale kwenye ndoo. Bukuru wa kitabuni akaita, na nikasoma ile sentensi niliyoiandika mara nyingi hata nikaisahau: kutoka ng'ambo, sauti ndogo inayofanana na yake ikaitika.

"Butoyi huyo," akasema mvulana wa mbele, bila mshangao wowote.

"Butoyi," wakakubaliana wengine, kama watu waliomwona jirani akipita njiani.

Nilisimama na karatasi mkononi. Jamani, mimi ndiye niliyeiandika sauti ile, nikaifanya ifanane na ya Bukuru, nikaiweka ng'ambo ya maji, na sikujua ni ya nani. Mama Chiza alinigusa bega njia nzima nikamwona msumbufu. Nikamtazama msichana wa dawati la tatu. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mikono na anatabasamu, naye akaniashiria kwa kichwa niendelee. Nikaendelea mpaka kengele, mpaka sauti ikawa inatoka vipande vipande, na sura ya mwisho ikabaki.

Alinisubiri nje. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwishoni, anaendelea kuitika?"

Ningeweza kumdanganya. Karatasi zilikuwa kwapani mwangu. Nikamwambia kwamba nilivyoandika mimi, mwishoni Bukuru anaita na sauti inanyamaza.

"Amekasirika?" akauliza.

"Hapana. Hajakasirika."

"Basi Bukuru hakuita kwa nguvu," akasema. "Kule ni mbali."

Nikamuuliza, polepole kwa sababu nilikuwa naogopa, kwa nini yeye haitiki akiitwa. Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Akasema wakiitwa, aliyekuwa anaanza kuitika ni Butoyi, yeye alikuwa anafuata. Mwalimu akisema Bukuru, Butoyi anaitika kwanza, makusudi, watu wanacheka, halafu ndipo anaitika yeye. "Namngoja aanze," akasema.

Nililia, yeye akanitazama nikilia, kisha akanishika mkono tukaenda kwa Yoranda kula dagaa.

Kurudi

Boti ya Kapteni iliondoka asubuhi iliyofuata. Nusu ya abiria walikuwa wale wale niliokuja nao, wakiwa wameuza au wamenunua, na kabla hata sijakaa walitaka kujua kama Butoyi amepatikana. Nikawaambia kwa hiyo sauti ya kunong'ona kwamba ndiye anayeitika kutoka ng'ambo. Mwenye pikipiki akapiga goti lake akasema alijua. Hakujua. Nikawaeleza pia, kwa sababu moyo ulikuwa umejaa, kuhusu msichana wa darasa la nne. Mama Zuhura alijifunika kitenge usoni. Kapteni alikuwa ameshika usukani, ametugeuzia mgongo, na nikadhani hasikii.

Watoto walikuwa wamejaa ufukweni kutuaga. Tulipokuwa tumeshafika mbali kidogo, nikaliona lile sweta la kijani likijitenga na wenzake, likaingia majini mpaka magotini. Akaweka viganja mdomoni.

"Butoyiiii!"

Boti nzima ikanyamaza. Injini ndiyo iliyokuwa inapiga kelele peke yake, na nilijua kwa kelele ile hawezi kusikia chochote kutoka kwetu, na kwamba yule mtoto, aliyekuwa amepata ujasiri mara moja, anaita na hakuna anayejibu, sawasawa na nilivyoandika. Nikafungua mdomo na sauti haikutoka kabisa.

Injini ikazimwa. Kapteni alikuwa amesimama, koti lake limefunguka, uso umeelekea Kagunga.

"Yeeee!" akaitika.

Mama Zuhura akafuata. Kisha mwenye pikipiki, na wenye magunia, na mama mwenye mtoto mgongoni, wote wakaitika kwa pamoja, kelele ikaenda juu ya maji. Halafu Kapteni akainua mkono wake kutunyamazisha, akavuta pumzi, akaita, "Bukuruuuu!"

Tulingoja. Boti ilikuwa inayumba taratibu. Ufukweni lile doa la kijani halikusogea, nami nilikuwa nimeushika mkono wa Mama Zuhura mpaka akaniambia baadaye nilimwumiza.

"Yeeee!" ikatoka kule, ndogo, nyembamba, lakini kamili.

Basi ndipo na mimi nikapiga kelele, na sauti iliyokuwa imebaki ikaishia pale. Kapteni aliwasha injini, akaketi, akafunga vifungo vyake. Baada ya muda mrefu akasema bila kugeuka, "Mama, hilo usiliandike." Nimeliandika, Kapteni, na kama kuna mtu atakupelekea salamu hizi, nisamehe.

Sura ya mwisho niliitupa nikiwa kwenye treni. Mpya imeshaandikwa, na mhariri analalamika kwamba mwisho wake hauonyeshi wazi kama msichana amekua. Mwacheni alalamike. Jana asubuhi, wakati wa kuita majina, Yoranda alinipigia simu akaiweka juu ya meza yake bila kuniambia kitu. Nikamsikia anaita Abeli, Anastazia, Baraka, kila mmoja akiitika. Kisha akaita Bukuru. Hakukuwa na ukimya.